BAINA YA TAKWIMU ZA AFYA NA EPIDEMIOLOJIA: NASAHA KWA WAHITIMU NA WAZAZI WAO

(Hii ni mada iliyotolewa katika darsa la wahitimu na wazazi, baada ya Swala ya Magharibi.)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake. Amma ba'ad.



Mada ya leo si ya kawaida katika darsa letu. Tumezoea kuzungumzia tohara, swala, mirathi na malezi. Leo tutamzungumzia kijana aliyemaliza shahada ya kwanza, ambaye mkononi ana barua mbili za udahili wa shahada ya uzamili, moja ya takwimu za afya na nyingine ya epidemiolojia, na anatakiwa ajibu moja na kuiacha nyingine.

Wiki tatu zilizopita, baada ya Swala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja wa mtaa huu akiwa na binti yake. Binti huyu nilimfundisha Qur'an na Nahau tangu akiwa mdogo, na leo ana shahada ya hisabati na takwimu. Mzee hakuzunguka. Aliziweka barua zote mbili juu ya jamvi, akaniuliza: "Ustaadh, ipi ina kazi?"

Nataka niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa fani hizi. Masomo yangu ya juu niliyasoma kwa Kiarabu, katika mambo ya Sharia, na hesabu yangu kubwa ni ile ya kugawa mirathi. Lakini mzazi anapomleta mtoto wake kwa mwalimu wa madrasa, hatafuti mtaalamu. Anamtafuta mtu anayemjua mtoto. Kwa hiyo niliomba nipewe siku kadhaa, nikasoma, nikawauliza wanaoifanya kazi hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

KILA FANI NA SWALI LAKE

Epidemiolojia kwa Kiarabu huitwa ilmul-wabaaiyyaat, yaani elimu ya mambo ya wabaa. Jina hili linapotosha kidogo, kwani wataalamu wake hawashughuliki na kipindupindu na ebola tu, bali pia kisukari, shinikizo la damu, saratani, hata ajali za pikipiki. Maswali yao ni haya: nani ameugua, wapi, lini, na kwa nini yeye na si jirani yake?

Takwimu za afya, ambazo vyuoni huitwa biostatistiki, kwa Kiarabu ni al-ihswaaul-hayawiy. (Sisi Waswahili tulichukua neno taqwiim, ambalo Waarabu wenyewe hulitumia kwa kalenda na kwa kukadiria thamani ya kitu. Maneno nayo yana safari zake.) Swali la fani hii ni jingine: tofauti hii tuliyoiona baina ya watu hawa na wale, je, ni ya kweli au ni bahati tu? Na kama ni ya kweli, ni kubwa kiasi gani, na tuna yakini nayo kiasi gani?

Mwanafunzi wa takwimu za afya hushinda na nadharia ya uwezekano, na namna ya kutoa hukumu juu ya watu wengi kwa kuwaangalia wachache, na hesabu za muda ambao mgonjwa hukaa kabla ya kufikwa na jambo fulani, na kuandika maelekezo ya kompyuta katika programu kama R na Stata. Mwenzake wa epidemiolojia naye husoma takwimu, lakini kwa kiasi cha kuzitumia. Muda wake mwingi huenda katika kupanga utafiti, kuchunguza mlipuko, kuweka mfumo wa kufuatilia maradhi, na kuitafuta sababu iliyojificha nyuma ya sababu inayoonekana. Vyuo vingine huziweka fani hizi pamoja: pale Muhimbili, Dar es Salaam, epidemiolojia na biostatistiki ziko katika idara moja. Vingine, kama Johns Hopkins cha Marekani, vina idara mbili, kila moja na walimu wake.

KUCHAGUA KWA KUKIMBIA

Mzee alipokwisha kusema, nilimgeukia binti nikamuuliza: "Wewe mwenyewe unataka ipi?" Akasema epidemiolojia. Kwa nini? Akanyamaza kwa muda, kisha akasema kweli. Katika mwaka wa pili alirudia mtihani wa somo la uwezekano, na tangu siku hiyo akiziona alama za hisabati moyo unamwenda mbio. Epidemiolojia kwake ilikuwa mlango wa kutokea.

Siku nne baadaye alinijia kijana mwingine, tabibu wa zahanati, naye ana barua mbili kama hizo. Yeye alitaka takwimu. Aliwahi kukaa wiki sita katika kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, akaona watu wazima wakinyauka kwa siku moja kwa kuishiwa maji mwilini, na wengine walifikishwa pale wakiwa wamekwisha chelewa. Sasa anataka kazi ya kukaa mbele ya kompyuta. "Ustaadh," akaniambia, "nataka nizione namba, nisizione nyuso."

Nikaona kwamba wote wawili walikuwa hawachagui, bali wanakimbia. Mmoja anaikimbia hesabu, mwingine anawakimbia watu.

Siwalaumu, kwani mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Chuoni nilitakiwa kuchagua baina ya takhassus ya Hadith na takhassus ya Usul. Nilichukua Usul, si kwa kuipenda, bali kwa kuyaogopa majina ya wapokezi, maelfu kwa maelfu, na nani alisikia kutoka kwa nani, na nani kumbukumbu yake iliharibika uzeeni. Leo kila ninapotaka kujenga hoja juu ya Hadith, swali la kwanza ni: imepokewa na nani? Majina yale yale niliyoyakimbia nayakuta yamekaa mlangoni yananisubiri.

Hivyo basi, binti anayeikimbia hesabu ataikuta katika epidemiolojia, siku atakaporudi kutoka vijijini na madodoso 2,000 na kutakiwa aseme yana maana gani. Na kijana anayewakimbia watu atawakuta katika takwimu. Hili la pili linahitaji maelezo, kwani watu wengi hawalioni.

Bibi yangu, Allah amrehemu, aliwahi kujiwa nyumbani na karani wa uchunguzi mmoja. Aliulizwa umri, akajibu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, kabla ya mnazi ule pale haujapandwa. Karani akautazama mnazi, akamtazama bibi, akaandika 70. Namba ile ilisafiri, ikaingia katika jedwali, na pengine yuko mtu mahali fulani aliyeifanyia hesabu za hali ya juu kabisa. Wataalamu wa idadi ya watu wanaijua sana hali hii: katika nchi nyingi, zetu zikiwamo, watu wenye umri unaoishia na 0 au 5 hujitokeza wengi kupita kiasi katika majedwali, kwa sababu umri ulikadiriwa, haukuandikwa popote. Asiyewahi kukaa jamvini na bibi kama huyo atadhani 70 ni 70.

Sisi tuliosoma madrasa tuna methali ya jambo hili katika masomo yetu wenyewe. Namba ina isnad yake. Mama alimwambia muuguzi, muuguzi akaandika katika rejesta, rejesta ikajumlishwa na mtu mwingine, jumla ikapelekwa wilayani, ikafika wizarani. Kila mmoja wao ni mpokezi, na yumkini mmoja wao alikuwa amechoka siku ile.

Tena ujuzi mkubwa wa hesabu peke yake si kinga. Austin Bradford Hill wa Uingereza alitaka kusoma udaktari. Kifua kikuu alichokipata katika Vita vya Kwanza vya Dunia kikamzuia, akasoma uchumi kwa njia ya posta, kisha akaingia katika takwimu. Yeye na daktari Richard Doll walichapisha mwaka 1950 utafiti wa wagonjwa wa hospitali za London ulioihusisha sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza wapatao 40,000. Miongoni mwa waliowapinga alikuwamo R. A. Fisher, ambaye misingi mingi ya takwimu zinazofundishwa leo ni yake. Alisema huenda kuna jambo la kurithi linalomfanya mtu apende kuvuta na linalomletea saratani pia. Kwa upande wa mantiki hoja hiyo ilikuwa inawezekana. Lakini Fisher mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa sigara, na ushahidi kutoka kwa watu halisi uliendelea kuja mwaka baada ya mwaka, mpaka hoja yake ikakosa pa kusimama.

KAZI NILIYOMPA BINTI

Sikutaka kumwambia binti achague nini kabla sijajua kama kweli hesabu imemtoka moyoni. Nikampa kazi ya nyumbani kutoka katika vitabu vyangu.

Mwaka 833 Hijria, sawa na 1430 Miladia, tauni iliingia Cairo. Al-Hafidh Ibn Hajar Al-Asqalani, yule aliyeisherehesha Sahihul-Bukhari, alikuwamo mjini. Tauni ilikwisha kumchukulia mabinti wawili mwaka 819, na mwaka huu wa 833 ilimchukua wa tatu, akiwa mja mzito. Katika kitabu chake juu ya tauni, Badhlul-Maa'uun, anaeleza kwamba maradhi yalipoanza mwishoni mwa Rabiul-Akhir, waliokufa kwa siku walikuwa chini ya 40. Tarehe 4 Jumadal-Ula watu walitoka kwenda jangwani, baada ya kutangaziwa funga ya siku tatu, wakakusanyika, wakaomba dua, wakarejea. Mwezi ule haukwisha ila waliokufa kwa siku walikuwa wamepindukia 1,000.

Ibn Hajar alikuwa na hoja yake ya kisharia juu ya mkusanyiko ule, na hiyo si mada yetu. Mwaka 2020, wakati wa Korona, namba hizi zilisomwa sana, na wengi walizitolea hukumu moja kwa moja kwamba mkusanyiko ndio uliowaua watu. Nikamuuliza binti: je, namba hizi zinathibitisha hivyo?

Alirudi baada ya siku mbili na karatasi moja, baba yake akiwa nyuma yake. Akasema: tuchukue 40. Tuseme hapakuwa na mkusanyiko wowote, watu walikaa kama walivyokuwa, na maradhi kwa mwendo wake mwenyewe yanajizidisha maradufu kila siku 5. Baada ya siku 5 watakufa 80 kwa siku. Siku ya 10, watu 160. Siku ya 15, watu 320. Siku ya 20, watu 640. Siku ya 25, watu 1,280. Na kutoka tarehe 4 mpaka mwisho wa mwezi ni siku 25 au 26.

Kwa maneno mengine, namba zile zingeweza kutokea hata kama mtu mmoja hakutoka kwenda jangwani. Hakusema kwamba mkusanyiko haukudhuru, la hasha. Alisema kwamba namba hizi peke yake haziwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Nilimtazama binti aliyedai kuichoka hesabu, nikaona amekaa nayo siku mbili bila ya kuamrishwa na mtihani.

Kisha akaniuliza yeye: "Ustaadh, waliokwenda jangwani walikufa wangapi, na waliobaki majumbani walikufa wangapi? Na walikuwa wa mitaa gani?" Nikamwambia kwamba katika maneno yale ya Ibn Hajar hilo halimo. Akasema, "Basi hapo ndipo pa kuanzia."

Mzee, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Sasa hiyo ni fani ipi?"

Nikamjibu kwamba karatasi ile ni takwimu, na swali lile ni epidemiolojia. Akatikisa kichwa, akasema kwamba bado hajaambiwa ipi ina kazi.

KARIBU ZAIDI NA KWETU

Msidhani haya ni mambo ya Cairo ya kale tu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika kwa watoto 15,459, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Bagamoyo na Korogwe, na Kilifi upande wa Kenya. Watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walipoanza chanjo, na wakapata dozi zote 4, walipungukiwa na malaria kwa kiasi cha asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne. Hilo ni jema. Lakini likatokea jambo la kutia hofu. Watoto wa umri huo waligawanywa makundi matatu: mawili yalipata chanjo ya malaria, la tatu lilipata chanjo nyingine ili liwe la kulinganishia. Waliopatwa na homa ya uti wa mgongo walikuwa 11 katika kundi la kwanza, 10 katika la pili, na 1 tu katika la tatu.

Tafakarini, wazazi wenzangu. 21 kwa 1. Mtoto ni wako. Utasema nini?

Mtu wa takwimu atasema hivi. Waliochanjwa chanjo ya malaria walikuwa theluthi mbili, kwa hiyo katika wagonjwa 22, kwa bahati tupu, tungetarajia 14 au 15 upande wao na 7 au 8 upande wa pili. Kupata 21 kwa 1 au zaidi ya hapo kwa bahati hutokea chini ya mara 2 katika kila 1,000. Si jambo la kupuuza. Lakini atasema pia kwamba katika jaribio lile yaliangaliwa maradhi mengi, si uti wa mgongo peke yake, na ukiangalia mengi, hukosi kuona moja lililokaa upande kwa ajabu. Hesabu inafika hapo na kusimama: inakuambia ushtuke, haikuambii umekwisha jua.

Kutoka hapo kazi ilihitaji watu wa kufuatilia maradhi. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ilitolewa katika maeneo maalumu ya Ghana, Kenya na Malawi, huku wagonjwa wa uti wa mgongo wakitafutwa hospitalini na kuandikwa, kwenye maeneo yenye chanjo na yasiyo nayo. Hadi mwaka 2021 watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa, na ziada ile ya uti wa mgongo haikuonekana. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Ingelikosekana fani ya kwanza, hakuna ambaye angejua namba ile inastahiki kushtusha kiasi gani. Ingelikosekana ya pili, ama watoto wengi wangenyimwa kinga kwa sababu ya hofu, ama wangepewa bila ya mtu kuangalia.

Aidha, liko jambo linaloniuma. Kwa miaka mingi damu na taarifa za watu wetu zimekusanywa hapa, na uchambuzi wake mara nyingi ukafanywa mbali, na watu ambao hawamjui yule bibi wa mwaka wa njaa. Tunao vijana wengi wa kubeba madodoso. Wa kukaa na namba mpaka zijibu ni wachache.

NILIVYOWASHAURI

Kuhusu swali la mzee nitakuwa mfupi. Zote zina kazi: wizarani, katika taasisi za utafiti kama ile ya Ifakara, vyuoni na katika mashirika. Mwenye takwimu anaweza hata kutoka nje ya afya, akaajiriwa na benki au idara ya takwimu ya serikali. Wa epidemiolojia amefungamana zaidi na afya. Zaidi ya hapo sina la kusema, na anayekuahidini mshahara maalumu muulizeni ushahidi.

Kabla ya kujibu barua, kijana aombe orodha ya masomo ya kila mwaka na aisome somo kwa somo. Aulize ni nani atakayemsimamia, na utafiti wake ataufanya kwa taarifa zipi, kwani wapo wanaomaliza masomo yote wakakwama mwaka mzima kwa kukosa taarifa za kuchambua. Asiyewahi kusoma kalkulasi wala aljebra ya juu awe mkweli wa nafsi yake kabla ya kuingia takwimu. Fani hiyo haina huruma na pengo hilo. Na vyuo vingine hukuruhusu kuchukua masomo mawili matatu ya upande wa pili, nafasi ambayo wengi huiacha ipite.

Kijana tabibu nilimshauri epidemiolojia. Kile anachotaka kukikimbia ndicho wengi wenzake hawana: ameiona kambi, anajua rejesta hujazwaje saa nane za usiku. Nilimshauri pia kwamba kama moyo wake umechoka kwa aliyoyaona, apumzike kwanza na azungumze na watu, kwani uchovu huo hautibiki kwa kubadilisha shahada.

Binti nilimshauri takwimu. Hoja yangu ilikuwa kwamba hesabu ni kama hifdhi: ukiiacha miaka mitatu, unairudia kwa taabu na haikai tena kama ilivyokuwa. Mambo ya kijijini atajifunza hata akiwa na miaka 40, lakini nadharia ya uwezekano ni vigumu kuianza katika umri huo ukiwa na watoto watatu nyumbani. Bado naiona hoja hiyo kuwa nzuri.

Hakuichukua. Jumatatu iliyopita alijibu barua ya epidemiolojia, na akaandika katika fomu masomo mawili ya ziada ya takwimu, moja likiwa lile la uwezekano. Nilipomuuliza kama bado anaikimbia, alisema hapana, ila lile swali la waliobaki majumbani halikumwacha alale. Baba yake ameridhia. Mimi pia, ijapokuwa nimemwambia kwamba karatasi yake ya Cairo nimeihifadhi, na akija kujuta nitamrejeshea.

Yule tabibu bado hajaamua, na barua yake inatakiwa kujibiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu. Amesema angependa kuzungumza na mtu aliyewahi kufanya mojawapo ya kazi hizi, si kuzisoma tu. Kama yumo humu msikitini, au ana ndugu wa aina hiyo, tafadhali aonane nami baada ya Swala ya Isha, nitakuwa pale karibu na kabati la misahafu.

Wabillahi tawfiq.